Miguu inawaka moto na dawa imegoma: maswali kuhusu kubadili dawa

Jioni hapa Ngamiani, Tanga, mtu hushuka baiskeli mlangoni pa duka la dawa, anatoa karatasi ya vidonge mfukoni: "Hii haijanifaa, nipe ile nyingine." Wengi wana kisukari cha siku nyingi, wengine waliugua mkanda wa jeshi, vipele vikapona lakini maumivu yakabaki. Haya ni maumivu ya mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa. Haya ndiyo wanayouliza zaidi.

Nimemeza amitriptilini, dawa ya maumivu haya, siku kumi na miguu bado inachoma usiku. Nihamie gabapentini, ile nyingine?

Mapema mno, mama. Ulianza na miligramu ngapi? Karibu kila anayeniuliza alianzishiwa 10 au 25 usiku, akabaki hapohapo, hakurudi kwa daktari. Hiyo ni dozi ya kuuzoesha mwili. Hupandishwa taratibu, mara nyingi hadi 50 au 75, na kuijua kama inafaa huchukua wiki 6 hadi 8, angalau wiki 2 kati ya hizo ukiwa kwenye dozi kubwa kuliko zote unayoivumilia.

Halafu tuelewane kuhusu "kufaa". Katika dawa hizi hakuna inayong'oa maumivu yote. Yakipungua nusu ukapata usingizi, imefanya kazi. Madhara ni jambo jingine: mkojo ukikataa kutoka (wazee wenye tezi dume wawe macho), moyo ukienda mbio au mtu akichanganyikiwa, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Kinywa kukauka pekee, nywa maji.

Jirani anasema amitriptilini ni dawa ya wendawazimu.

Ilianza kutumika miaka ya 1960 kutibu sonona, kweli. Gabapentini nayo ilianzia kwenye kifafa. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa hupeleka taarifa za maumivu hata pasipo kidonda, na dawa hizi huzipunguza. Diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu ya kawaida, haifanyi hivyo, tena mwenye kisukari akiizoea anazihatarisha figo zake.

Basi daktari amekubali nibadili. Ya zamani niitupe leo, kesho nianze mpya?

Hapa ndipo watu wanapoumia. Gabapentini au ndugu yake pregabalini ukiikata ghafla unaweza kukosa usingizi, kutokwa jasho, kuwa na wasiwasi, hata kupata degedege. Hupunguzwa kwa wiki 1 au zaidi, na aliyeitumia muda mrefu huhitaji wiki kadhaa. Amitriptilini mara nyingi huchukua wiki 4 hivi. Dawa mpya inaweza kuanza kwa dozi ndogo huku ya zamani ikishuka, zikapishana mlangoni kama wageni wawili. Lakini si zote zinazopishana vizuri: amitriptilini na duloksetini (nayo ni dawa ya sonona inayotumika kwa maumivu haya) zikikutana mwilini huweza kuleta kutetemeka, jasho, homa na fadhaa, na hatari huzidi ukiongeza tramadoli, dawa kali ya maumivu, uliyojinunulia mwenyewe. Kutoka gabapentini kwenda pregabalini ni rahisi kidogo, kwa sababu zinafanana kazi. Daktari anaweza kukuhamisha moja kwa moja kwa hesabu yake. Usimeze zote mbili kwa pamoja ukidhani nafuu itaongezeka. Utakachoongeza ni kizunguzungu, na kama unaendesha bodaboda hilo si jambo dogo.

Mwombe aandike ratiba kwenye karatasi: wiki hii kidonge hiki kiwe ngapi, kile ngapi. Maelezo ya mdomo husahaulika kabla hujatoka getini.

Kuna la kupima kabla ya kubadili?

Figo. Gabapentini na pregabalini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Zikiwa dhaifu, dozi ya kawaida inakuwa kubwa mno. Pili, kama umemeza metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka, uliza kuhusu vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi na kuchomachoma. Nimeona watu wakizunguka dawa tatu kabla mtu yeyote hajalikumbuka hili. Na sukari yenyewe ikiwa juu kila siku, utabadili dawa mpaka uchoke.

Ramadhani inakuja. Gabapentini ya mara tatu nitaifanyaje?

Swali zuri, na ulilete Shaaban, si siku ya pili ya mfungo. Kutoka daku hadi futari hapa kwetu ni zaidi ya saa 12, na dozi za gabapentini ya mara tatu hazitakiwi kuachana zaidi ya saa 12. Kufululiza vidonge vitatu usiku mmoja si suluhisho. Hapo kubadili kuna maana: pregabalini humezwa mara mbili, amitriptilini mara moja jioni. Mwenye kifafa, figo dhaifu au sukari inayoshuka ovyo asipange peke yake.

Vidonge vilivyobaki nimpe dada, naye miguu inamuuma?

Hapana. Huenda yake ni magoti. Kama ni mishipa kweli, dada naye ana figo, moyo na dawa zake nyingine, na hakuna aliyezitazama. Vilete dukani tuviharibu, na yeye mwambie aende kliniki.