Je, wajua kwa nini mtoto hawezi kuandika maisha yake bila kuulizwa?

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka sita Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilipolipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Miaka michache baadaye mwalimu wake aliwapa darasa zima kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike maisha yake. Akaja kwangu na kaye, ndivyo tunavyoita daftari hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ikiwa na mistari mitatu ya Kifaransa. Jina lake, mahali alipozaliwa, na kwamba walikimbia volkano. Akaweka biki chini akaniambia, "Mama mudogo, imeisha."

Mtoto huyu si mvivu, wala si mgumu wa kusema. Ukimkuta mtaani na wenzake hanyamazi. Basi kwa nini maisha mazima yaliishia kwenye mistari mitatu?

Tuanze na kumbukumbu yenyewe. Muulize mtu mzima tukio la kwanza kabisa analolikumbuka. Wengi watakutajia jambo la umri wa miaka mitatu, au mitatu na nusu. Nyuma ya hapo ni giza. Sigmund Freud aliandika juu ya usahaulifu huo wa utotoni mwaka 1905, akiamini kwamba akili huyaficha mambo hayo. Wataalamu wa leo wanaeleza vingine. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayofunga pamoja nani, wapi na lini vikawa tukio moja, bado inakomaa katika miaka hiyo. Tena mtoto hajapata maneno ya kulishikia tukio, na kitu kisicho na jina ni rahisi kupotea.

Lakini mpaka huo haulingani duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 huko New Zealand ulionyesha kwamba kumbukumbu ya kwanza ya Wamaori wazima, kwa wastani, ilitoka kabla hawajatimiza miaka mitatu, mapema kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya au Asia. Watafiti waliutazama utamaduni wao, ambamo mambo ya zamani yana uzito mkubwa na familia huyasimulia tena na tena. Mtoto anayesikia jana ikizungumzwa hujifunza kuitunza jana yake.

Wanasaikolojia kama Robyn Fivush na Elaine Reese wamewasikiliza kwa miaka mingi akina mama wakizungumza na watoto wao juu ya mambo yaliyopita. Mama mmoja huuliza, "Tulienda wapi?" Mtoto akikaa kimya, anarudia swali lile lile, mpaka maongezi yanageuka mtihani. Mwingine anauliza swali lililo wazi, na jibu likija hata kama ni neno moja, analipokea, analiongezea kidogo, anauliza tena kutokea hapo. Watoto wa mama wa pili husimulia maisha yao kwa urefu na kwa mpangilio. Na si suala la kipaji cha mama: akina mama walipofundishwa kuuliza hivyo, masimulizi ya watoto wao pia yalinawiri.

Nikaifunga ile kaye. Nikamwambia tuache Kifaransa kwanza, twende na Kiswahili chetu, na miye ndiye nitaandika.

"Ile usiku ulibeba nini?"

"Bidoni." Ndilo dumu.

"Ndani kulikuwa nini?"

"Hakuna kitu. Ilikuwa tupu. Mama aliniambia tu niibebe."

"Na juu kulikuwa namna gani?"

Akafikiri. "Kulikuwa kwekundu. Kama makala yenye mutu anapuliza." Makala kwetu ni makaa.

Sikuwahi kusikia mtu mzima akiieleza mbingu ya usiku ule vizuri hivyo, na sote tuliiona. Nikamuuliza nani alibaki. "Kuku. Kuku ya koko ilibakia ku nyumba." Koko ndiye nyanya yake, mama yetu.

Angalieni yale maswali. Hakuna lililoanza na "kwa nini", wala lililomtaka aseme alijisikiaje. Mtoto wa umri huo ana vitu mikononi: bidoni, kuku, rangi. Maana ya vitu hivyo huja baadaye. Tilmann Habermas na Susan Bluck, katika makala yao ya mwaka 2000, walieleza kwamba uwezo wa kuyaunganisha maisha yote kuwa hadithi moja, kwamba lile lilisababisha hili na hili likanifanya niwe nilivyo, hukomaa katika ujana. Ukimwambia mtoto wa miaka minane aandike maisha yake, umemtwisha mzigo wa mtu wa miaka kumi na sita. Mwombe siku moja. Mwombe usiku mmoja.

Hapo nilikosea pia, na nalisema ili mwingine asilirudie. Nilimuuliza, "Uliogopa sana, eeh?" Akajibu "Eeh" papo hapo, nami nikaandika. Jibu lile lilikuwa langu. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walitangaza jaribio ambamo watu wazima 24 walielezwa kwamba utotoni waliwahi kupotea dukani, jambo ambalo halikutokea. Karibu robo yao walikuja kulikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Kama mtu mzima anaweza kuwekewa kumbukumbu, mtoto anayetaka kumfurahisha mama yake mdogo je? Nikafuta. Siku ya pili nikauliza tu mwili wake ulikuwaje njiani. "Nilikuwa na njaa," akasema. "Na viatu vilikuwa vya kaka."

Kilichobaki kutusumbua kilikuwa mpangilio. Katika maelezo yake walitoka mtaa wa Majengo usiku, mbingu nyekundu, halafu ghafla jua linawaka na wamo katika foleni ndefu ya watu kuelekea mji wa Sake. Nikakumbuka kwamba tulikimbia mara mbili. Tarehe 22 usiku kila mtu alishika njia yake, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Kisha tarehe 27, matetemeko yakiwa bado yanatikisa nyumba, serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamishwe, na barabara ya Sake, kilomita kama 25, ikajaa watu kwa miguu, kwa pikipiki na kwa chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Kichwani mwake safari mbili zilikuwa zimeshonwa zikawa moja. Hata sisi wakubwa matukio yanayofanana huingiliana.

Kuna njia ya kuyatenganisha inayotoka kwa wataalamu Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert, ambao mwaka 2004 walichapisha matokeo ya kazi yao na wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda. Unalaza kamba chini, ndiyo maisha. Penye jambo jema unaweka ua, penye jambo zito unaweka jiwe. Kwao ni tiba, na huongozwa na mtu aliyefundishwa. Nyumbani tunaweza kuazima kamba tu, kupata lipi lilitangulia. Goma hatutafuti mawe mbali, tumejenga juu yake. Akaokota mawili meusi ya volkano, akaacha nafasi ya kiganja kati yake: jioni ile, na siku ya Sake. Katikati akaweka ua, kwa sababu walikula sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Halafu mbele kidogo akaweka kijiwe kidogo cha tatu, akakaa kimya.

Sikumuuliza.

Hili naliamini kwa moyo wote. Watoto wetu, hasa waliopitia kambi za wakimbizi, wamesimulishwa mno mbele ya wageni na kamera, mara nyingi yale wasiyotaka kuyasema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema wazi kwamba mtu aliyetoka katika janga asishinikizwe kusimulia. Kijiwe kile ni chake. Akitaka kitakuwa na jina, na kama kinamnyima usingizi, atafutiwe mtu mwenye ujuzi.

Kitabu tulikitengeneza Jumapili. Karatasi nane zilizokunjwa katikati, matundu matatu ya sindano kwenye mkunjo, uzi wa mshonaji, jalada la kartoni lililovikwa kipande cha kitenge. Maneno aliyanakili mwenyewe. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya mwaka 2006, na sioni kwa nini mtoto wa Kivu aanze kujieleza kwa lugha ambayo bado anaihesabia maneno. Kifaransa alikitia baadaye, kwa ajili ya mwalimu, na safari hii kilijaza kurasa mbili.

Kabla hajakabidhi alimsomea koko. Marshall Duke na Fivush, huko Atlanta, waliwahi kuandaa maswali 20 ya kupima kama mtoto anaijua historia ya familia yake, na wakaona kwamba wanaoijua zaidi huelekea kujiamini zaidi. Sikuwa na haja ya maswali 20. Koko alianza mwenyewe: mlipuko wa Januari 2002, lava ikipita katikati ya mji, na ule wa 1977 alipokuwa msichana. Mtoto akafungua ukurasa wa mbele aliokuwa ameuacha mtupu, akaandika kichwa, "Mbele nizaliwe," yaani kabla sijazaliwa.

Walipofika kwa kuku, koko akamkatiza. Kuku hakufa, akasema. Tuliporudi tulimkuta kwa jirani. Mtoto akatazama sentensi yake muda mrefu. Hakuifuta. Akaandika chini yake: "Koko anasema kuku ilionekana. Miye sikuiona."