Unamfahamu, lakini mmepima? Kondomu na mpenzi mpya

Katika chumba chetu cha ushauri nasaha, mazungumzo ya kondomu huanzia kwenye neno "namfahamu". Namfahamu tangu sekondari. Ni wa kanisani kwetu. Ni rafiki wa kaka yangu, hata nyumbani wanamjua. Vijana wengi wanaokuja kupima wanajua vizuri kondomu inakinga nini. Wameona mabango, wamefundishwa, na pakiti za Salama wamezikuta madukani tangu wakiwa watoto. Na wengi wao wakikutana na mtu baa usiku huohuo, watatumia. Ila kwa yule wanayemfahamu huiweka kando, mara nyingi tangu siku ya kwanza.

Kujua jina la mtu, kazi yake na kwao ni wapi kunakusaidia sana ukitafuta mchumba. Hakukuambii chochote kuhusu afya yake. Kisonono na klamidia vinaweza kukaa mwilini mwa mwanamke miezi mingi bila dalili yoyote, huku vikiharibu mirija ya uzazi, mpaka siku anatafuta mtoto hapati. VVU huweza kukaa miaka bila mtu kuumwa. Yule kijana mtaratibu wa kwaya akikuambia "mimi niko safi", hakudanganyi. Anasema anachokiamini, maana hajawahi kupima.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na kwamba watu wazima wapatao 60,000 hupata maambukizi mapya kila mwaka. Nikisoma takwimu hizo, macho yangu hubaki kwenye hao 60,000. Ni watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa hawana virusi.

Sababu ninayoisikia zaidi ya zote ni hii: "Nikimwambia atumie, atasema simwamini." Wanaume nao wanasema hivyohivyo: "Nikiitoa ataniona mhuni, kumbe natembea nayo mfukoni." Kondomu imegeuzwa kuwa tuhuma, na anayeitaja kwanza ndiye anayeonekana mwenye kosa. Mzigo huo unawaangukia zaidi wasichana. Mvulana akinunua dukani kwa Mangi atataniwa kidogo, yataisha. Msichana anasubiri wateja wapungue, anasogea dirishani, halafu mama wa nyumba ya pili anatokea na chupa yake ya mafuta ya kula. Msichana anaomba kiberiti, anaondoka. Usiku ule hawatatumia kitu, na kesho tutaambiwa vijana wazembe.

Ninachowashauri ni kuyasema mapema, kabla hamjafika chumbani, mkiwa mmevaa nguo zenu na akili zimetulia. Na useme kuhusu mwili wako, usiuseme mwenendo wake. "Mimi sijapima tangu mwaka jana, kwa hiyo tutumie mpaka tupime wote" ni maneno ambayo ni vigumu kuyakasirikia, kwa sababu umeanza na wewe mwenyewe. Akikasirika hata hivyo, basi amekuonyesha mapema namna atakavyokusikiliza mkiwa na jambo kubwa zaidi.

Kuna ule msemo wa kwamba pipi hailiwi na ganda lake. Sitaudharau, maana ni kweli wapo wanaosikia tofauti. Ila malalamiko mengi yanatokana na ukavu, saizi isiyofaa au kondomu iliyochakaa. Kilainishi cha maji kinasaidia sana. Vaselini, losheni na mafuta ya nazi visitumike kwenye kondomu za kawaida za mpira, kwa sababu vinaudhoofisha mpira ukapasuka ndani ya dakika chache. Kondomu iliyokaa kwenye pochi ya nyuma, ikikaliwa kila siku kwenye bodaboda na joto la Dar, nayo haifai tena hata kama tarehe yake haijaisha. Bonyeza pakiti kabla ya kuifungua: ukisikia hewa ndani, pakiti haijatoboka. Na usivae mbili kwa pamoja, zinasuguana zikachanika.

Baada ya siku ya kwanza kuna hatari nyingine tunayoiona sana kliniki. Wapenzi wanaanza vizuri na kondomu, wanakwenda hivyo wiki tatu au mwezi, kisha wanaanza kwenda peku kwa sababu "sasa tumeshazoeana". Hakuna aliyepima. Au mmoja kapima mara moja, kipimo kikasoma hana, wakafurahi. Kipimo cha haraka cha kidole hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya VVU, na mwili huchukua wiki kadhaa kuwatengeneza, pengine hadi miezi mitatu. Mtu aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kusoma hana, ilhali katika kipindi hicho virusi vimejaa mno kwenye damu na ni rahisi sana kumwambukiza mwenzake. Kwa hiyo pimeni wote wawili, mtumie kondomu miezi mitatu bila kuruka, na pasiwepo mtu wa tatu, kisha mpime tena. Mkitoka hapo na majibu mazuri ya VVU, na mkishapima kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, mna sababu ya kuiacha. Tangu sheria ya UKIMWI iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi, na mwenye miaka 18 anaweza kujipima mwenyewe. Akijipima na kukuta ana virusi, lazima athibitishe kwenye kituo cha afya.

Na hapa nataka niwatetee watu wanaoogopwa bure. Mtu anayejua ana VVU, anayemeza dawa zake kila siku na ambaye kiwango cha virusi kwenye damu yake hakionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wapo wanaokimbia mtu wa namna hiyo wakaangukia kwa "mzima" ambaye hajapima maisha yake yote.

Ushauri wa kuzungumza una mpaka wake. Binti ambaye mwanaume ndiye anamlipia kodi ya chumba hawezi kuambiwa tu "mwambie atumie". Huyo nampa habari za kondomu ya kike na za PrEP, dawa kinga dhidi ya VVU ambayo mtu anaimeza mwenyewe na hahitaji ruhusa ya mwenzake. Haizuii kisonono wala mimba, lakini inamlinda dhidi ya jambo moja kubwa. Na akiwa anapigwa au analazimishwa, hilo tunalishughulikia kwanza.

Wasichana wengi wanaogopa mimba kuliko virusi. Asubuhi baada ya tukio wanakwenda duka la dawa kununua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wanameza, wanatulia. P2 haigusi VVU hata kidogo. Kama kondomu ilipasuka au hamkutumia, na hujui hali yake, kuna dawa nyingine iitwayo PEP, humezwa siku 28, na lazima ianze ndani ya saa 72. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ikitokea Ijumaa usiku usingoje kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali usiku huohuo, upande wa dharura, useme "nimekuja kwa ajili ya PEP". Huna haja ya kueleza alikuwa nani.