"Oui" yangu iliyonipeleka Lyon

Kila msimu wa DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa, napokea mwanafunzi mwenye daftari lilelile. Majina hubadilika, daftari halibadiliki: kurasa tatu zinazoanza na Je m'appelle (naitwa), zimekaririwa mpaka koma. Anazitiririsha kama mtoto anayeghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Namwacha afike sentensi ya nne, halafu namuuliza kaka yake anafanya kazi gani. Kimya. Macho yanapanda darini. Swali amelielewa, jibu analo, lakini halimo kwenye ukurasa.

Ninafundisha Kifaransa hapa Dodoma, na wengi wanaonijia wanataka ngazi ya B1 ya mtihani huo. Mtihani wake wa kuzungumza ni kama dakika 15. Unaanza kwa kujieleza, dakika mbili au tatu. Inafuata igizo fupi, wewe na mtahini. Mwisho unatoa maoni yako juu ya habari uliyoichota kwenye kikaratasi, dakika tano hadi saba. Zile dakika 10 za kujiandaa ni za sehemu hiyo ya mwisho peke yake. Sehemu mbili za kwanza unaziingia mikono mitupu, na hapo ndipo ngonjera inapokatika.

"Sasa Madame, nisikariri chochote?" Kariri namna ya kujiokoa. Vous pouvez répéter, s'il vous plaît ? (Unaweza kurudia, tafadhali?) Au: Je cherche le mot... (Natafuta neno...) Mtu anayetafuta neno huku anaongea bado anaongea. Anayenyamaza amemwachia mtahini kazi yote.

Lakini shimo kubwa kwetu sisi wa Kiswahili halimo kwenye msamiati. Mtu akikuuliza "Hujala?", unajibu "Ndiyo, sijala." Unakubaliana na kauli yake. Kifaransa hakijali kauli ya muulizaji, kinaangalia jambo lenyewe: kama hujala ni non (hapana), kama umekula ni si, "ndiyo" ya kupinga swali la kukanusha. Mimi nililijua hilo darasani nikalisahau nilipokaa kwenye kiti cha mtihani. Mtahini aliniuliza, Vous n'êtes jamais allée en France ? (Hujawahi kwenda Ufaransa?) Nikajibu kwa adabu zote, Oui, yaani ndiyo. Uso ukamchangamka: Ah bon ? Où ça ? (Kumbe? Wapi?) Kurudi nyuma niliona aibu, basi nikasema Lyon, mji niliokuwa nimeuona kwenye kalenda. Dakika iliyofuata nilikuwa naeleza mto, daraja na chakula nisichowahi kuonja. Nilifaulu, ila mpaka leo nikisikia Lyon nasikia joto masikioni.

Dada yake na shimo hilo ni il (yeye wa kiume) na elle (yeye wa kike). Sisi tunasema "anapika", awe baba au mama. Mwanafunzi anaanza vizuri, ma mère est infirmière (mama yangu ni muuguzi), na sentensi ya pili mama amekuwa il. Kusoma kanuni hakusaidii, mdomo ndio unaotakiwa kuzoea. Ninachowapa ni hiki: kaa kibarazani, kila anayepita mtaje kwa sentensi moja. Elle porte un seau. Il vend des mandazis. Elle est pressée. (Amebeba ndoo. Anauza maandazi. Ana haraka.) Nusu saa kila jioni kwa wiki mbili, il ya mama inaanza kupungua.

Kwenye matamshi nakazia mawili tu. La kwanza ni u ya Kifaransa, isiyokuwepo kwetu: tamka i, ulimi usiusogeze, kisha kunja midomo kama unapiga mluzi. Usipofanya hivyo, dessus na dessous zitakuwa neno moja, na "juu" na "chini" si vitu vya kuchanganya. La pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa kinakaza ya mwisho kabisa ya fungu la maneno. Ukisema beaucoup (sana) kwa mkazo wa "kuku" utaeleweka, lakini msikilizaji atachoka.

Halafu adabu. Kwenye igizo la B1 kikaratasi kinaweza kusema mtahini ni rafiki yako. Basi ni tu, "wewe" ya marafiki, hata kama ana mvi. Najua inauma, sote tumelelewa na shikamoo. Kwa wale wa B2, ngazi inayofuata, adabu inaleta hasara zaidi. Wao wanapewa dakika 30 za kujiandaa, kisha kama dakika 20 za kuwasilisha hoja na kuitetea. Mtahini anakupinga makusudi, ndiyo kazi yake. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye akili nzuri sana, alipopingwa mara ya kwanza kwenye zoezi alisema, Oui, vous avez raison, madame (Ndiyo, uko sahihi, mama), akakunja mikono. Mjadala ukafa. Sasa hakuna anayetoka darasani kwangu bila Je comprends votre point de vue, mais... (Naelewa mtazamo wako, lakini...) na mfano mmoja wa kuweka baada ya mais.

Mifano yenyewe msiitafute Paris. Mnara wa Eiffel mtahini anaujua. Mwambie kwamba Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wakati Ufaransa wanavuna mara moja. Atakuuliza maswali kwa hamu, na majibu unayo, umeyaona shambani kwa mjomba. Unachohitaji ni la vigne (mzabibu), le raisin (zabibu), la récolte (mavuno).

Alama za kuzungumza ni 25 kati ya 100. Kufaulu ni 50, lakini ukipata chini ya 5 kwenye stadi yoyote umeanguka hata kama kwingine umeng'ara.

Wengi wa wanafunzi wangu hufanyia mtihani Alliance Française ya Dar es Salaam. Tangu 2024 kuna treni ya SGR, na wapo wanaotaka kuondoka asubuhi ileile. Nawakatalia; nendeni jana yake. Ndani ya treni mkae wawili wawili, mmoja aulize maswali ya kukanusha tu mpaka Morogoro: Tu n'as pas faim ? Tu n'as jamais mangé de mlenda ? (Huna njaa? Hujawahi kula mlenda?) Treni ikiondoka Morogoro, mnabadilishana.