Namba tatu za kliniki moja: kwa nini takwimu za VVU hupishana

Ingia kliniki yoyote ya tiba na matunzo (CTC) nchini Tanzania uulize swali jepesi: WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wangapi wanatumia dawa za kufubaza virusi (ARV) hapa kwa sasa? Majibu yatakuwa matatu. Moja liko kwenye kompyuta ya kliniki, ndani ya hifadhidata ya CTC2. La pili liko DHIS2, mfumo wa Wizara ya Afya unaopokea ripoti za MTUHA, yaani taarifa za kawaida za vituo vya afya. La tatu limekwenda kwa mfadhili, kwenye mfumo wa DATIM wa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Yakipishana, mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Kinachochekesha ni kwamba DATIM na DHIS2 yetu ni watoto wa baba mmoja. Zote zimejengwa juu ya programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa nyumbani wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaifanyia kazi mpaka ikaenea nchi nzima. Kwa hiyo ugomvi hauko kwenye programu, uko kwenye kanuni za kuhesabu na kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza Oktoba, wetu huanza Julai. Sema "robo ya kwanza" kwenye kikao chenye wadau na watu wa halmashauri, kila upande utafungua jedwali lake. Andika majina ya miezi, yaishe.

Kanuni inayozua maswali mengi ni ya siku 28. Mteja aliyepitisha zaidi ya siku 28 tangu tarehe aliyotakiwa kurudi, bila kuonana na kliniki wala kuchukua dawa, hahesabiwi tena kuwa yuko kwenye tiba. Zamani PEPFAR walikuwa wakivumilia siku 90. Tuseme unafunga hesabu Septemba 30. Aliyetakiwa kurudi Septemba 5 amechelewa siku 25, bado yumo. Wa Agosti 10 amefikisha siku 51, ametoka. Kwa kanuni ya zamani wote wawili wangekuwemo. Ukiweka ripoti ya kanuni moja kando ya ripoti ya kanuni nyingine utaona "anguko la huduma", kumbe kilichobadilika ni kipimo tu.

Halafu kuna watoro wa kwenye kompyuta. Mteja amekuja, amepimwa uzito, amepewa dawa, muuguzi amejaza kadi ya karatasi ya CTC2, lakini kadi haijaingizwa kwenye mfumo. Siku ya kufunga hesabu kompyuta inamwita mtoro. Kabla hujamtuma mhudumu wa jamii amtafute mtu nyumbani kwake, jambo ambalo linaweza kumwanika kwa majirani, kwanza pitia rundo la kadi zilizo mezani.

Kosa la upande wa pili hupandisha namba. Namba ya CTC anayopewa mteja imefungamana na kituo: tarakimu za mkoa, wilaya na kituo, kisha za mteja mwenyewe. Mtu akihama Mbeya kwenda Dar es Salaam bila barua ya uhamisho, halafu akapima upya, anapewa namba mpya na kuandikwa mteja mpya. Mpaka kituo cha Mbeya kimtoe, mtu mmoja ni wawili. Kibaya zaidi, anaongeza idadi ya "wapya waliogundulika", na kuna mtu atachora mpango wa upimaji kwa kufuata idadi hiyo.

Dawa ya bei rahisi kwa haya yote ni leja ya famasi. TLD, tembe ya ARV inayotumiwa na wengi, humezwa moja kwa siku, kwa hiyo jumlisha tembe zilizotolewa kwa miezi sita ugawe kwa 180. Mfano: tembe 205,200 gawa kwa 180 ni watu 1,140. Kama kompyuta inasema watu wa TLD ni 1,240, kuna 100 wa kutafutwa. Tumia miezi sita, usitumie mitatu, maana wanaopewa dawa za miezi sita kwa mkupuo wanaweza wasionekane kabisa katika robo moja. Walioanza tiba mwishoni mwa kipindi wataeleza sehemu ya pengo, kwa kuwa bado hawajachukua tembe nyingi. Pengo likizidi asilimia 10, huwa sifungi hesabu bila kufungua mafaili.

Utafiti wa kaya nao una mitego yake. THIS (utafiti wa kitaifa wa VVU unaopima watu majumbani) ya 2016-17 na ya 2022-23 ziliendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wenzao wa Zanzibar, zikisaidiwa kitaalamu na ICAP, kituo cha afya cha Chuo Kikuu cha Columbia, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa fedha za PEPFAR. Katika ule wa kwanza, kwa kufuata maelezo ya mdomo tu, kati ya wenye VVU, walioonekana kujua hali zao walikuwa takribani asilimia 52. Maabara ilipotafuta dalili za ARV katika damu, ikapanda hadi karibu 61. Watu walikuwa wakimeza dawa huku wakimwambia mdodosaji kwamba hawajui hali zao. Sishangai, nani amfungulie mgeni siri hiyo sebuleni?

Lengo la 95-95-95 ni kwamba asilimia 95 ya wenye VVU wajue hali zao, 95 ya hao wawe kwenye tiba, na 95 ya walio kwenye tiba virusi viwe vimefubazwa. Utafiti wa 2022-23 ulitoa 82.7, 97.9 na 94.3, kwa hiyo pengo kubwa lilikuwa kwenye kujua hali. Ila chunga umri: asilimia 5.0 ya maambukizi inayotajwa ya 2016-17 ni ya miaka 15 hadi 64, na 4.4 ya 2022-23 ni ya miaka 15 na kuendelea.

Viongozi wa wilaya huuliza maambukizi mapya kwao ni mangapi. Utafiti hauwezi kuwajibu. Kitaifa ule wa 2022-23 ulipata asilimia 0.18 kwa mwaka, yaani watu 18 katika 10,000. Kipimo cha maambukizi ya karibuni huona takribani siku 130 tu nyuma, hivyo kati ya hao utakutana na kama 6. Ukigawa idadi ndogo hivyo kwa wilaya unabaki na bahati nasibu. Ndiyo maana makadirio ya wilaya hutoka kwenye modeli ya Naomi, hesabu ya kompyuta inayotumiwa na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ambayo huchanganya utafiti, kliniki za wajawazito na idadi ya walio kwenye tiba. Idadi inayotoka CTC ikiwa imevimba, makadirio ya modeli nayo huvimba.

Kwenye mkataba wowote na mdau wa nje mimi hutafuta vitu vitatu: seva iko wapi, maelezo ya majedwali (kila safu ina maana gani) ameshika nani, na mshahara wa karani wa takwimu unatoka mfuko gani. Vile viwili vya mwanzo huwa vinajadiliwa sana. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, cha tatu ndicho kilichouma, kwa sababu makarani wengi walikuwa wakilipwa na miradi. Karani akiondoka, kadi huanza kupangana mezani, na siku 28 zikipita kompyuta huanza kutangaza watoro ambao asubuhi hiyohiyo wamemeza dawa.