Udhibiti wa milango ya ofisi: maana yake na namna ya kuuchagua

Mtu akipoteza ufunguo wa ofisi, anaitwa fundi. Kitasa kinang'olewa, kipya kinafungwa, funguo zinachongwa upya na kugawiwa kwa kila aliyekuwa na ule wa zamani. Akipoteza kadi, msimamizi anafungua kompyuta, anatafuta jina, anafuta namba ya kadi hiyo, na kabla chai haijapoa kadi imebaki kipande cha plastiki. Udhibiti wa milango kwa kielektroniki, ukiuvua majina yote ya kibiashara, ni huo: mfumo unaotenganisha ruhusa ya kuingia na kitu kilichoshikwa mkononi. Ufunguo wa chuma ndio ruhusa yenyewe, yeyote aliyeuokota anaingia. Kadi hutaja jina tu. Ruhusa imekaa kwenye kumbukumbu ya mashine, na mwenye mashine anaweza kuitoa, kuibana au kuifuta bila kugusa mlango.

Ruhusa hiyo ina pande tatu: nani, mlango upi, saa ngapi. Msafishaji anaweza kufunguliwa mlango mkuu na korido kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, siku za kazi tu, na chumba cha seva asikiguse kabisa. Mhasibu anaingia chumba cha fedha mchana lakini si Jumapili usiku. Kila tukio linaandikwa, la kukubaliwa na la kukataliwa, pamoja na saa yake. Ukilielewa hili, uchaguzi wa vifaa unapata kipimo: je, kifaa hiki kinaiacha ruhusa mikononi mwangu, au kinaiachia itoroke?

Tuangalie kinachotokea mtu akigusisha kadi. Kadi ya kugusa haina betri. Kisomaji kilicho ukutani hutoa mawimbi muda wote, na koili nyembamba iliyofichwa ndani ya plastiki huyageuza mawimbi hayo kuwa umeme kidogo, unaotosha kuamsha chipu. Chipu hutaja namba yake. Kisomaji hakiamui chochote, hupeleka namba hiyo kwa kidhibiti, ambacho ni kisanduku chenye orodha ya ruhusa. Kidhibiti kikiridhika, huwasha relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, relei hubadilisha umeme wa kufuli, na mlango unafunguka. Yote hayo ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Sasa ulizia kidhibiti kimekaa wapi. Kuna vifaa vya bei nafuu ambavyo kisomaji, kidhibiti na relei vyote vimo kwenye boksi moja, na boksi hilo linafungwa nje, upande wa mgeni. Mtu mwenye bisibisi anafungua skrubu mbili, analivuta boksi, anaziona waya za kufuli zikimning'inilia. Akizikata au akizigusanisha, kutegemea aina ya kufuli, mlango umefunguka. Hakuhitaji kadi wala namba. Boksi la namna hiyo si baya kwa kabati la karatasi au chumba cha ndani. Kwa mlango unaotazama barabara ni sawa na kuuweka ufunguo chini ya zulia. Kidhibiti kikae ndani, kwenye chumba kinachofungwa, na nje kibaki kisomaji kitupu.

Hata hivyo, waya zinazotoka kwenye kisomaji nazo zina habari zake. Lugha iliyozoeleka kati ya kisomaji na kidhibiti huitwa Wiegand. Hutumia waya mbili za data, mmoja kwa sifuri na mwingine kwa moja, na muundo wake unaotumika sana una biti 26: biti 8 za msimbo wa eneo, biti 16 za namba ya kadi, na 2 za kukagua makosa. Piga hesabu uone: misimbo ya eneo ni 256, na namba za kadi ni 65,536 kwa kila msimbo. Kadi ni nyingi mno duniani, kwa hiyo mbili zenye namba ileile kutokea si muujiza. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba namba hupita wazi. Anayefanikiwa kubandika kidude kidogo nyuma ya kisomaji anaweza kurekodi kila kadi inayopita na kuirudia baadaye. Lugha mpya, OSDP, ambayo tangu 2020 ni kiwango cha kimataifa chini ya IEC, shirika la viwango vya umeme, huongea pande zote mbili na inaweza kusimba mazungumzo, yaani kuyaficha kwa msimbo, kwa njia iitwayo AES ya biti 128. Hufika pia mbali zaidi, hadi mita 1,200 hivi badala ya takriban 150. Nasisitiza neno "inaweza". Usimbaji huo lazima uwashwe wakati wa kufunga, na fundi mwenye haraka huuacha. Usiulize tu kama kifaa kina OSDP, uliza kama njia salama imewashwa.

Kadi zenyewe zinafanana kwa macho, ndiyo maana wanunuzi hudanganyika. Zile za zamani, za mawimbi ya kilohezi 125, hutaja namba yao kwa kisomaji chochote kitakachouliza, na mashine za kuzinakili ni za bei ndogo na huuzwa hadharani. Ukiwa na kadi hizo, ruhusa imetoroka: unaweza kufuta kadi iliyopotea, lakini hutajua ni ipi iliyonakiliwa mfukoni mwa mtu kwenye foleni ya chakula. Kadi za megahezi 13.56 ni kizazi kingine, ila nazo hazilingani. MIFARE Classic, iliyotoka 1994, ilitegemea msimbo wa siri ambao watafiti waliufichua na kuuvunja kati ya 2007 na 2008. Bado inauzwa. Aina kama DESFire hutumia AES: kadi na kisomaji hupimana kwa swali linalobadilika kila mara, hivyo kurekodi jibu la leo hakusaidii kesho. Simu nazo zinaweza kuchukua nafasi ya kadi, kwa NFC, mawasiliano ya kugusisha, au Bluetooth, na zina faida moja ya kibinadamu, kwamba watu hawaazimishani simu kwa wepesi wanaoazimishana kadi.

Mtego mwingine huja wakati wa kuboresha. Muuzaji atakusifia kisomaji kinachosoma kadi zote, za zamani na mpya. Kwa miezi ya kuhama ni msaada mkubwa. Lakini kikiachwa hivyo milele, mwenye kadi iliyonakiliwa ya kilohezi 125 ataendelea kuingia kana kwamba hujabadilisha kitu. Kadi za zamani zikishakusanywa, usomaji wake uzimwe.

Namba ya siri kwenye vitufe ni rahisi, na kwa mlango wa stoo inatosha. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000. Lakini simama upande mmoja wa kibao cha namba kilichotumika miaka miwili bila kubadilishwa, mwanga ukipiga: vitufe vinne vimesuguka vinang'aa, sita viko kama vilivyotoka dukani. Ikiwa tarakimu zote nne ni tofauti, michanganyiko iliyobaki ni 24. Na namba ikiwa moja kwa ofisi nzima, rekodi haitakuambia nani aliingia. Itakuambia kwamba mtu anayeijua namba aliingia, jambo ulilokuwa unalijua tayari.

Alama za vidole na sura huuzwa kama kilele cha usalama. Mimi nina mashaka kidogo, na mashaka yangu yanarudi palepale pa mwanzo. Kadi hufutwa na nyingine hutolewa, kidole hakitolewi kingine. Mifumo ya heshima haihifadhi picha ya kidole bali kiolezo cha hisabati, na hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, likifuatiwa na wapi kiolezo kinakaa. Kisha kuna vidole vyenyewe. Anayeshika saruji, anayesugua sakafu kwa dawa kali, mzee ambaye mistari ya kidole imefifia, wote hawa husimama mlangoni wakijaribu mara ya tatu huku foleni ikikua. Ukilegeza mashine ili iwakubali, unaongeza uwezekano wa kumkubali asiyestahili. Ukiibana, unawakataa wenye haki. Makosa haya mawili huvutana, na hakuna mashine iliyoyamaliza. Sheria nazo zipo: Umoja wa Ulaya, kupitia GDPR, sheria yake ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, huziweka taarifa za kibayometriki za kumtambua mtu katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee, na nchi nyingi zimefuata njia hiyo. Kwa chumba kimoja nyeti, kidole pamoja na kadi ni mchanganyiko mzuri. Kwa mlango wa mapokezi, sioni sababu.

Tukija kwenye kufuli, swali ni moja: umeme ukikatika, mlango ufanye nini?

Kufuli la sumaku ni sumaku ya umeme juu ya fremu na bamba la chuma juu ya mlango. Yanayopatikana sana hushikilia kama kilo 280, na makubwa kama kilo 540. Halina kitu kinachosogea, kwa hiyo halichakai haraka, ila linaishi kwa umeme. Umeme ukienda, mlango uko wazi. Kuna kosa dogo la ufungaji ambalo huharibu nguvu hiyo yote. Bamba la chuma linatakiwa lichezecheze kidogo kwenye mpira wake ili lijilaze sawasawa juu ya sumaku. Fundi asiyejua huliona linatikisika, hudhani ameacha kazi nusu, hulikaza mpaka likawa gumu. Tangu hapo linagusa ukingo mmoja tu, na mlango wa kilo 280 unafunguka kwa bega.

Kifaa cha pili ni striki ya umeme, kipande kinachoingizwa kwenye fremu pale ulimi wa kitasa unapozama. Hiki unaweza kukinunua cha aina itakayobaki imefungwa umeme ukikatika, na bado aliye ndani akatoka kwa kuzungusha kitasa cha kawaida. Kwa mlango wa nje ambao ofisi hulala peke yake, hiki ndicho ningeanza nacho. Fanya hesabu ya betri kwa kufuli la sumaku uone kwa nini. Kufuli hula karibu nusu amperi kwa volti 12, tuseme kisomaji na kidhibiti vinakula 0.3. Betri ya amperi-saa 7, ambayo mafundi huiweka kwa mazoea, itagawanywa kwa 0.8: saa 8 na dakika 45 kwenye karatasi, na pungufu kwa betri iliyozeeka. Umeme ukikatika Jumamosi jioni, alfajiri ya Jumapili mlango wako hauna kufuli.

Lakini kumfungia mtu nje ni jambo moja, kumfungia ndani ni jambo jingine kabisa. Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist mjini New York kiliungua, na watu 146 walikufa. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walizoea kufunga ili kuzuia wizi wa nguo na kuwaelekeza wafanyakazi kwenye njia moja ya ukaguzi. Udhibiti wa milango ni wazo lilelile likiwa na waya, kwa hiyo kila mlango unaofungwa kwa umeme uwe na njia ya kutoka isiyouliza ruhusa. Kwenye kufuli la sumaku maana yake ni kitufe cha kutokea, kisanduku cha dharura kinachokata umeme wa kufuli moja kwa moja bila kupitia programu, na kengele ya moto iliyounganishwa ili iachie milango yenyewe. Masharti ya zimamoto ya mahali ulipo yasomwe kabla ya kununua chochote, maana aina fulani ya kufuli huenda hairuhusiwi kwenye njia ya kutokea.

Programu inaweza kukaa kwenye kompyuta yako au kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti kwa ada ya kila mwezi. Zote zinafanya kazi. Muhimu ni kidhibiti kiwe na orodha yake mwenyewe, ili intaneti ikikatika milango iendelee kuamua. Uliza pia: nikiacha kulipa ada, nini kitatokea kwa milango? Nikitaka kubadilisha kampuni, vidhibiti vitakubali programu ya mwingine? Ikiwa jibu ni la kuzungukazunguka, ruhusa ya ofisi yako inamilikiwa na muuzaji.

Na lipo ambalo hakuna kisomaji kinacholiweza. Mmoja anagusisha kadi, wawili wanapita nyuma yake, naye kwa adabu anawashikia mlango. Rekodi inaonyesha mtu mmoja. Geti la kuzunguka hupunguza hilo, kihisi cha mlango kinaweza kulia ukiachwa wazi kwa sekunde kadhaa, ila adabu ya watu hairekebishwi na kifaa.

Kwa hiyo anza kwa kutembea jengo lako na karatasi, kabla hujafungua katalogi yoyote. Milango mingi itabaki na kitasa chake cha kawaida. Ile michache inayohitaji ruhusa, iandikie nani, lini, na umeme ukikatika iweje. Siku ya kukabidhiwa kazi, mbele ya fundi, zima swichi kuu na uone kila mlango unafanya ulichoandika. Futa kadi moja uigusishe. Bonyeza kisanduku cha dharura. Vuta mlango wa sumaku kwa nguvu zako zote. Kisha omba nywila ya msimamizi. Ikiwa ni ileile iliyotoka kiwandani, ibadilishwe hapohapo, kabla hujasaini.