Mfupa Unapovunjika kwa Sababu ya Tezi

Mtu mzima akiteleza akaanguka kutoka kimo cha kusimama, mfupa wenye afya kwa kawaida huhimili. Ukivunjika kwa anguko dogo kama hilo, au kwa kuinua tu ndoo ya maji, huo ni mvunjiko wa mfupa dhaifu, na kumfunga mgonjwa plasta bila kuuliza kilichoudhoofisha ni kumtibu nusu. Mara nyingi sababu ni umri au kukoma kwa hedhi. Huweza pia kuwa tezi ya thairoidi inayozidisha kazi, ugonjwa wa Cushing (mwili kuwa na homoni ya kotisoli kupita kiasi), au zile tezi ndogo ambazo wengi hawajapata kuzisikia: parathairoidi, ambazo kwa kawaida ni nne, zimejificha nyuma ya thairoidi shingoni, kila moja ikikaribia punje ya mchele.

Homoni ya tezi hizi hulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Kikishuka, huifanya mifupa itoe akiba yake na figo zisiimwage kwenye mkojo. Tezi moja ikiota uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, huendelea kutoa homoni hata damu ikiwa imejaa kalsiamu, na mifupa ndiyo inayonyonywa mwaka hadi mwaka. Mgonjwa huchoka, hukosa choo, huona kiu, hupata mawe ya figo. Au hahisi lolote mpaka siku anapovunjika.

Huko Vienna mwaka 1925, daktari mpasuaji Felix Mandl alimtibu kondakta wa tramu aliyevunjika mfupa wa paja. Wakati huo iliaminika kwamba tezi hizo huvimba kwa kujaribu kuuokoa mfupa, kwa hiyo Mandl alianza kwa kumwongezea homoni, asipate nafuu. Ndipo alipompasua shingo, akautoa uvimbe, na mgonjwa akaweza kutembea tena, ingawa baadaye ugonjwa ulimrudia.

Leo kinachohitajika kwanza ni kupima damu, kalsiamu na homoni hiyo kwa pamoja. Hapa ndipo wengi hupotezwa: kalsiamu ikiwa juu huku homoni ikisomeka katika kiwango cha kawaida, majibu hayo si mazuri hata kidogo, kwa kuwa homoni ilipaswa kushuka. Uvimbe ukishaondolewa, mifupa yenye njaa huweza kuivuta kalsiamu kwa kasi hadi vidole na midomo vikafa ganzi, na kwa sababu hiyo damu huendelea kupimwa baada ya upasuaji.