Protini za mbegu za kiume na saratani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Protini za mbegu zikikutwa kwenye uvimbe wa saratani, basi mbegu za mwanamume ndizo zilizouleta.

Ukweli: Hapana, na hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, maana inaweza kumfanya mgonjwa amlaumu mwenzi wake bure. Jeni za protini hizo kila mtu anazaliwa nazo, mwanamume kwa mwanamke. Zile za kundi la MAGE-A zimo kwenye kromosomu X, ambayo kwa kawaida mwanamke anazo mbili! Katika tishu nyingi za mtu mzima jeni hizo zimezimwa. Huwaka korodanini, mbegu zinapotengenezwa. Seli ikigeuka ya saratani, udhibiti huo huvurugika na jeni huwaka mahali pasipo pake. Jeni ya kwanza ya kundi hili ilitangazwa mwaka 1991 na timu ya Thierry Boon huko Brussels, ikichunguza saratani ya ngozi ya melanoma.

Dhana: Tiba ikizilenga protini hizo, korodani nazo zitashambuliwa.

Ukweli: Hofu hii inaeleweka. Lakini seli T za kinga hutambua kipande cha protini pale tu kinapobebwa juu ya seli na molekuli za HLA, na seli zinazozaa mbegu karibu hazina molekuli hizo. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha tiba iitwayo Tecelra kwa sarkoma ya sinovia, saratani adimu ya tishu laini: seli T za mgonjwa hutolewa, hufundishwa kuitambua MAGE-A4, kisha hurudishwa mwilini. Haimfai kila mtu. Aina ya HLA lazima iafiki, na uvimbe uwe na protini hiyo. Chanjo ya MAGE-A3, iliyotumainiwa sana, ilishindwa kwenye majaribio makubwa ya melanoma na saratani ya mapafu.

Dhana: PSA, ile inayopimwa kwenye damu, ni protini ya mbegu, na ikipanda ni saratani.

Ukweli: Hutoka tezi dume, na kazi yake ni kuyeyusha manii yaliyoganda. Tezi ikivimba au ikiambukizwa, PSA hupanda pia.

Dhana: Manii yasiyo na mbegu hayana la kumwambia daktari.

Ukweli: Yana mengi. Protini ECM1 hutoka kwenye epididimisi, mrija ulio nyuma ya korodani ambamo mbegu hupita, hivyo ikiwa chini mno huashiria kwamba njia ya mbegu imeziba. TEX101 hutoka kwa seli za mbegu zenyewe; ikionekana pale ambapo njia haijaziba, inampa daktari sababu ya kuzitafuta mbegu ndani ya korodani.